Skrubu Imeshuka Hadi Chini

Chumba cha juu ya duka la rangi,
Mlango wa pili kutoka ngazini,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Na hii ya pili ni shikamoo ya mkwe wako, aliyekaa hapa pembeni akijifanya anasoma gazeti huku jicho moja likichungulia ninachoandika. Goti lako linaendeleaje? Nimesikia sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Nilimshukuru Mungu, ila nakufahamu, ukipata nafuu ya siku moja tu unaanza kubeba ndoo. Tafadhali Shangazi, usibebe ndoo. Na mzee wako, kikohozi kimemwacha? Na binamu yangu wa mwisho, bado anakataa kulala bila kuimbiwa? Sisi huku ni wazima kabisa. Mimi nimenenepa kidogo, lakini hilo libaki kati yetu.

Ungeweza kuuliza kwa nini sikupiga simu. Nakumbuka ulivyoniambia kwamba simu hukatika pale utamu unapokolea, na barua unaweza kuisoma tena ukiwa jikoni. Basi hii isome jikoni. Nilitaka kukuandikia mapema zaidi, nikawa nashika kalamu na kuiweka chini, kwa sababu habari niliyokuwa nayo haikuwa ya kumwandikia mtu mwenye goti bovu. Leo nimepumua. Nimepumua mpaka mbavu zimekaa mahali pake.

Kwanza nikwambie, ndoa ni tamu. Najua utacheka. Chumba chetu ni kidogo, ukifungua kabati huwezi kufungua mlango, na chini kuna duka la rangi kwa hiyo asubuhi tunaamka na harufu ya tepentaini. Lakini dirisha linatazama mashariki, na yeye ndiye anayeamka kwanza kuchemsha chai, halafu anakuja kuniamsha kwa kunigusa ncha ya pua. Ncha ya pua, Shangazi. Nani alimfundisha?

Ulinionya kabla ya harusi kwamba fundi wa vyuma atanichafulia mashuka. Hilo ulilisema kweli, mashuka yamechafuka. Ananawa kwa sabuni na unga wa mbao mpaka kiwiko, na bado mistari ya viganja vyake imebaki myeusi kama imechorwa kwa wino. Nimeizoea. Nikiiona mikono hiyo imeshika kikombe moyo wangu unayeyuka, nami sina la kufanya ila kuuacha uyeyuke. Mengine yote uliyoyahofia hayapo.

Sasa nikupe habari yenyewe.

Unajua mimi nipo pale kwenye kiwanda cha kujalidi vitabu, chumba cha nyuma, pamoja na wanawake wengine watatu. Tunashona kurasa, tunapaka gundi mgongoni, kisha vitabu vinawekwa kwenye presi, ile mashine nzito ya chuma inayobana vitabu mpaka gundi ishike. Juu yake kuna usukani, na usukani ukizungushwa, skrubu nene kama mkono wa mtoto inashuka kupitia nati na kusukuma bamba chini. Nati yenyewe haitoki. Imeumbwa pamoja na boriti ya juu, ni kitu kimoja. Presi ile ni ya zamani kuliko sisi sote, na hakuna anayejua ilitoka wapi.

Siku ya pili baada ya mimi kurudi kutoka mapumziko ya harusi, skrubu ilikatika. Ilitoa mlio mmoja tu, bamba likaegemea upande, vitabu vikamwagika. Msimamizi wetu alikuja, akatazama, akaenda kupiga simu. Aliporudi alitwambia kwa upole, na upole wake ndio uliotutisha, kwamba skrubu ya namna hiyo haiuzwi popote tena. Mnunuzi wa vyuma chakavu angekuja Ijumaa ya wiki iliyofuata kuichukua presi, kazi ya kujalidi ingepelekwa kwa watu wengine wenye mashine mpya, na chumba cha nyuma kingefungwa. Sisi wanne twende tukatafute kazi kwingine. Kipande kirefu cha skrubu alishakirusha kwenye gari la takataka. Kilichobaki ni kisiki kifupi, chenye mizunguko mitatu minne ya meno.

Yule mwenzetu mkubwa, tunayemwita Mama Gundi, alikaa juu ya rundo la karatasi. Amefanya kazi pale tangu mimi sijazaliwa, mikono yake haijui kitu kingine. Nilipomtazama, mdomo wangu ukanitangulia. Nikamwambia msimamizi kwamba mume wangu anakata skrubu kila siku, ataikata na hii, asubiri tu. Nilisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Wenzangu wakanikumbatia. Nikarudi nyumbani na kisiki kile ndani ya mkoba, kizito kama dhambi, nikiwaza nitaanzaje.

Mume wangu hakunigombeza. Alikigeuza kisiki kwenye mwanga wa dirisha, akatoa kile kipimo chake cha meno, ambacho ni kama kisu cha kukunja chenye visu vingi vyembamba, kila kimoja na meno ya ukubwa wake. Unajaribu kimoja kimoja mpaka upate kinachokaa kwenye mifereji bila mwanga kupita. Kimoja kilikaa sawasawa, cha milimita tano kutoka jino hadi jino. Akauliza kama kipande kingine kipo, nikasema kimeshatupwa. Akaguna, akakiweka kisiki mfukoni.

Wiki ile nilikuwa napita karakana kwao kila mchana kumpelekea chakula, na nilichokiona huko sikuwahi kukijua. Kerezo, ile mashine ya kukerezea vyuma, inazungusha nondo ya chuma, na kisu kigumu kinatembea kando yake polepole. Nondo ikizunguka mara moja, kisu kimesogea milimita tano kamili, kwa sababu giya ndani zimefungwa hivyo. Kwa hiyo mstari unaochorwa unajizungusha wenyewe kama utepe kwenye zawadi. Mara ya kwanza anakwaruza tu, mstari mwembamba kama wa penseli. Halafu anainua mkono mdogo wa chuma, kisu kinaachia, anakirudisha mwanzo, anakizamisha kidogo zaidi, anaanza tena. Vinyoleo vinatoka vimejisokota, vinafuka moshi wa mafuta. Yeye hatazami kingine. Nilisimama na bakuli mkononi mpaka chakula kikapoa, wakaanza kunicheka.

Mwenye karakana ni mzee mkali wanayemwita Unywele, kwa sababu kila kosa analipima kwa unywele. Kitu kikiwa kinene atasema kimezidi unywele, kikiwa chembamba kimepungua nusu unywele, na chai ikichelewa imechelewa unywele. Aliniambia niwe naacha chakula mlangoni, maana Bwana Harusi akiniona mashine inakata chuma na yeye anakata tamaa ya kazi.

Skrubu ilipokamilika ilikuwa nzuri, Shangazi, inang'aa kama kitu cha kuvaa. Tuliipeleka Jumatano iliyofuata kwa mkokoteni. Wenzangu wote walitoka kutupokea. Mume wangu akaipaka grisi, akaielekeza kwenye nati, ikaingia kwa vidole viwili tu. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, laini kabisa. Mama Gundi akaanza kupiga makofi. Kisha ikawa nzito. Akaongeza mkono wa pili. Ikazunguka kidogo, ikagoma.

Msimamizi akashauri ipigwe na nyundo. Mume wangu akakataa, akasema ukiilazimisha utaua meno ya nati, na nati ikifa basi presi imekufa kweli. Akaitoa taratibu, akaifuta, akaitazama. Watu wa chumba cha mbele walikuwa wameshajaa mlangoni. Mmoja akasema ndoa bado changa, skrubu nayo ina aibu, na wengine wakacheka. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Wenzangu hawakucheka. Nao hawakunitazama, na hilo liliniuma zaidi.

Jioni ile hakula. Nilidhani amenikasirikia, nikaanza kumwomba radhi kwa kumtia kwenye jambo bila kumuuliza. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Mke wangu," akasema, "siku nyingine ukitaka kunisifu, nisifu nikishapima. Sasa njoo uniambie, kwa nini mwanzo inakubali na mbele inakataa?"

Hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa anaumwa na swali lenyewe. Unene alikuwa ameupima mara nyingi kwa mikromita, kile kipimo chao cha kupimia unene, haukuzidi. Na ungekuwa umezidi, skrubu isingeingia tangu mwanzo.

Hapo Shangazi ndipo kazi yangu ilipomsaidia, nami sitachoka kulisimulia hili mpaka nizeeke. Nikamwambia mbona sisi tunaliona kila siku. Kitabu kina vitita vingi vya kurasa. Ukikunja kitita cha kwanza kikapishana na mwenzake kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, na cha pili hivyo hivyo, na cha tatu, mwanzoni kitabu kinaonekana sawa. Ukifika mwisho mgongo umepinda. Kosa halikai mahali pamoja, linajumlishana. Ukishika vitita vitatu mkononi huwezi kulijua, lazima ushike kitabu kizima.

Akakichukua tena kile kisiki. Kisha akasema taratibu kwamba yeye alishika vitita vitatu.

Alhamisi tuliingia kiwandani kabla ya wengine, msimamizi akatufungulia huku anatazama saa. Nati haitoki, na ndani ya tundu lake rula haipiti vizuri. Nikachukua ukanda wa karatasi nzito, nikaulowesha kidogo, nikauingiza ndani ya tundu na kuubana ukutani kwa ule mfupa wetu wa kukunjia karatasi, nikausugua juu hadi chini, kama tunavyofanya tukitaka alama zijitokeze kwenye jalada. Ulipokauka nikautoa. Meno yote ya nati yalikuwa yamejichora pale, matuta kwa mifereji, kuanzia mdomo mpaka mwisho. Mume wangu akaulaza ukanda ule juu ya skrubu yake mpya. Tuta la kwanza likakaa mferejini. La pili, la tatu, sawa. La nne likasogea. Kufikia la mwisho, lilikuwa limepanda ukingoni kabisa.

Akaweka rula. Meno matano ndani ya kila inchi moja, wala si milimita tano. Presi ile ilitengenezwa na watu wa inchi, na tofauti yake na milimita tano ni ndogo mno, haifiki hata unene wa karatasi moja kwa kila jino. Kwenye kisiki haionekani. Kwenye nati nzima inatosha kukufungia mlango.

Alinishika mashavu kwa mikono yake yenye grisi mbele ya msimamizi. Nilifanya kazi asubuhi nzima na vidole vinane vyeusi usoni, na Mama Gundi hakuniambia mpaka mchana.

Lakini kumbe kujua ni jambo moja na kukata ni jambo jingine. Skrubu ya kwanza ilikuwa imeharibika, ilitakiwa nondo nyingine, na mnunuzi wa chakavu alikuwa anakuja kesho yake. Unywele alimsikiliza mume wangu mpaka mwisho, akasema umepimaje mkia ukadhani umemjua ng'ombe. Akamsema sana, mbele ya wote. Kisha akaingia stoo akatoka na nondo mpya begani, akaiweka mezani na kusema hakuwahi kutupatia zawadi ya harusi, basi ndiyo hiyo, tusimdai sahani.

Tatizo likawa giya. Kerezo lao ni la milimita, na ili likubali kukata kwa inchi linahitaji giya moja kubwa, yenye meno mia moja ishirini na saba. Ilikuwapo zamani. Walitafuta stoo, chini ya mashine, kwenye mapipa. Mimi nilikuwa nimekuja na chakula, nikaketi kwenye meza yao ya chai ambayo mguu wake mmoja ulikatika zamani, nikaona mguu ule umesimama juu ya duara la chuma lenye meno, limeganda majani ya chai ya miaka mingi. Nikauliza hiki ni nini. Karakana nzima ikageuka. Walipoitoa, meza ilianguka na birika likaenda nayo, na Unywele aliyemwagikiwa suruali akasema leo chai imezidi zaidi ya unywele. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka.

Kisha mume wangu akaniambia jambo la hatari lililobaki. Ukikata inchi kwa mashine ya milimita, ule mkono mdogo wa chuma hauinuliwi kamwe kabla ya kumaliza. Ukiuinua, kisu kinapoteza njia yake, na safari inayofuata kitapita katikati ya meno yaliyokwisha kukatwa. Kila mara inabidi utoe kisu, urudishe mashine nzima kinyumenyume, mpaka mwanzo. Na yeye mkono wake umezoea kuinua, miaka yote anauinua bila kufikiri, kama wewe unavyozima taa ukitoka chumbani. Aliogopa mkono wake mwenyewe. Nikavua kitambaa changu cha kichwani, kile cha zambarau ulichonitumia, nikaufunga mkono ule wa chuma kwa mafundo mawili. Mara tatu niliona vidole vyake vinakwenda pale, vinagusa kitambaa, vinarudi. Mara ya tatu alitabasamu bila kugeuka.

Karibu na mwisho alinihitaji tena. Ili kujua kama meno yamefika kina chake, wanalaza nyaya tatu nyembamba ndani ya mifereji, mbili upande huu na moja upande ule, halafu wanapima juu yake kwa mikromita. Nyaya zile zinateleza kama sindano zilizolowa. Mafundi wote vidole vyao vinene. Vyangu vimezoea uzi. Nikazishika na grisi kidogo, yeye akazungusha mikromita, vichwa vyetu vimegusana, hakuna anayepumua. Akasoma, akakata mara moja tena, tukapima tena. Unywele akaja akasoma mwenyewe kwa miwani yake, akaitoa, akaifuta, akasoma tena. Akasema hana neno. Karakana iliniambia kwamba hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote.

Ijumaa asubuhi gari la chakavu lilikuwa limeshapaki mbele ya kiwanda, mlango wa nyuma umefunguliwa, wanaume wawili wameketi juu yake wanakula karanga. Tukapita katikati yao na mkokoteni wetu. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mume wangu akapaka grisi, akaweka skrubu kwenye nati, akaanza. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Pale ilipogoma Jumatano alisimama kidogo, akafuta viganja kwenye suruali. Akazungusha. Ikaenda. Akazungusha tena, ikaenda, haikukaza wala haikulegea, inashuka yenyewe kama inakumbuka njia. Ilipotokeza chini ya boriti, akalifunga bamba, akamwachia msimamizi usukani.

Msimamizi aliizungusha mwenyewe mpaka bamba likagusa meza. Akaipandisha. Akaishusha tena. Kisha akamwita Mama Gundi alete vitabu vilivyokuwa vinasubiri tangu siku ile, akavipanga chini ya bamba, akabana mpaka gundi ikachungulia pembeni kwenye mstari mmoja ulionyooka. Alitazama mstari ule kwa muda. Halafu akatoka nje, tukamsikia akiwaambia wale wa gari wasamehe kwa usumbufu, hakuna chuma chakavu hapa.

Mama Gundi alimshika mume wangu mkono akawa anautikisa tu, machozi yanamtoka na kamasi pia. Aliposema, alisema, "Mwanangu, nilikuwa sijui niwaambie nini nyumbani." Basi sote tukalia, hata mimi niliyeapa kutolia. Mume wangu hakujua aweke wapi macho, akaanza kuifuta presi ambayo ilikuwa safi.

Nami Shangazi, kesho ni Jumatatu na ninakwenda kazini. Sikuwahi kujua kwamba sentensi fupi hivi inaweza kuwa tamu kiasi hiki. Ninakwenda kazini, nitashona kurasa, nitapaka gundi, na mchana mume wangu amesema yeye ndiye atakayeniletea chakula.

Nisalimie mzee wako na umwambie anywe dawa ya kikohozi mpaka iishe, asiache chupa nusu. Wasalimie binamu zangu wote, mkubwa kwa mdogo, na yule wa mwisho mwambie nitakuja kumwimbia mwenyewe. Msalimie bibi, umwambie shuka alizotupatia nimezificha, fundi hajaziona. Baba na mama huku ni wazima, wanakusalimu sana. Mkwe wako anasema anasubiri siku atakayokuja kukutengenezea lile bomba la jikoni linalovuja, na ameapa kupima yote kabla ya kugusa.

Mungu alinyooshe goti lako, akupe usingizi mzuri, na alinde mlango wako mpaka siku tutakapoubisha.

Wako akupendaye kwa moyo mzima, na sasa moyo uliotulia,

Mtoto wa kaka yako, bibi harusi.